Harold Edwin Hurst

Harold Edwin Hurst (1 Januari 1880 – 7 Desemba 1978) alikuwa mwanafizikia na mtaalamu wa haidrolojia kutoka Uingereza aliyefanya kazi nchini Misri kwa zaidi ya miaka 60. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya mto Nile, na kwa kuonyesha jinsi ya kukadiria ukubwa wa bwawa linaloweza kuhifadhi maji ya miaka mingi badala ya maji ya mwaka mmoja tu. Nchini Misri aliitwa Abu Nil, yaani Baba wa Nile. Katika hisabati jina lake limebaki katika kipimo kinachoitwa kipeo cha Hurst.

Maisha ya awali

Hurst alizaliwa Wigston Magna, kijiji kilicho karibu na mji wa Leicester nchini Uingereza. Baba yake alikuwa fundi mjenzi wa kijijini, mtu asiye na mali nyingi. Hurst aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, baada ya kusoma hasa kemia, na nyumbani alijifunza useremala kwa baba yake. Baadaye akawa mwalimu mwanafunzi katika shule moja ya Leicester, huku akiendelea na masomo yake mwenyewe jioni.

Akiwa na umri wa miaka 20 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alisoma fizikia na kufanya mazoezi katika maabara ya Clarendon. Ingawa msingi wake wa hisabati ulikuwa dhaifu kuliko wa wenzake wengi, alihitimu akiwa na shahada ya daraja la kwanza, kisha akabaki chuoni kwa miaka 3 akifundisha.

Mwaka 1906 alikwenda Misri. Safari ilipangwa kuwa ya muda mfupi, lakini aliishi na kufanya kazi huko hadi miaka ya 1960.

Kazi nchini Misri

Kazi moja ya kwanza ya Hurst mjini Kairo ilihusu saa: alishughulikia kupeleka saa sahihi kutoka kituo cha elimu ya nyota hadi ngome ya Kairo, ambako mzinga ulipigwa kila siku adhuhuri. Muda si mrefu alihamia kwenye vipimo vya maji, akawa kiongozi wa idara ya fizikia iliyosimamia vipimo vya mvua, kina na mtiririko wa Nile.

Kwa ajili ya kazi hiyo alisafiri sana katika bonde lote la mto, kuanzia delta hadi maziwa makuu ya Afrika ya Mashariki na nyanda za juu za Ethiopia. Mwanzoni alikwenda kwa mashua na kwa miguu pamoja na wapagazi, pengine kwa baiskeli. Baadaye alitumia gari, na mwishowe ndege.

Katika miaka ya 1920 alichunguza milango ya Bwawa la Aswan akitumia mifano midogo iliyofanana na milango halisi. Kwa njia hiyo iliwezekana kujua kiasi cha maji kilichopita katika kila mlango kufuatana na jinsi ulivyofunguliwa, na ukuta wote wa bwawa ukawa chombo cha kupimia mto.

Kuanzia miaka ya 1930, Hurst na wenzake P. Phillips, R. P. Black na Y. M. Simaika walitoa mfululizo wa vitabu juu ya bonde la Nile. Vitabu hivyo vilikusanya vipimo vya vituo vingi vya mto na kuvieleza. Hurst alipomaliza utumishi wake kama mkurugenzi, aliendelea kuwa mshauri wa wizara ya kazi za umma ya Misri, akiandika hadi alipopita umri wa miaka 80.

Nile na mabwawa ya mwaka mmoja

Ili kuelewa mchango wa Hurst ni lazima kuelewa jinsi Nile ilivyotumiwa kabla yake. Sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka Ethiopia kwa njia ya Nile ya Buluu, Atbara na Sobat. Maji ya Nile ya Buluu na Atbara huja kwa wingi kuanzia Julai hadi Oktoba. Nile Nyeupe, inayotoka kwenye maziwa ya Ikweta, huleta kiasi kidogo zaidi lakini kisichobadilika sana kwa mwaka. Kabla ya mabwawa makubwa kujengwa, mtiririko wa Aswan mwanzoni mwa Septemba ulikuwa kwa wastani takriban mita za ujazo milioni 700 kwa siku. Mnamo Mei ulishuka hadi takriban milioni 45.

Kwa karne nyingi wakulima wa Misri walitegemea mafuriko hayo kulowesha mashamba yao mara moja kwa mwaka. Katika karne ya 19 kilimo cha pamba kilienea, na pamba huhitaji maji katika majira ya kuchipua na ya joto, wakati mto uko chini kabisa. Hapo ndipo bwawa lilipohitajika.

Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902 likiwa na uwezo wa takriban mita za ujazo bilioni 1. Ukuta wake uliinuliwa mara mbili, na baada ya mwaka 1933 liliweza kuhifadhi takriban bilioni 5. Liliendeshwa kwa ratiba iliyorudiwa kila mwaka:

- Julai hadi Oktoba: milango yote 180 iliachwa wazi ili mafuriko yapite pamoja na tope lake. Kama yangezuiwa wakati huo, tope lingetuama na kulijaza bwawa.
- Kuanzia Novemba: maji yalipopungua na kuwa safi zaidi, milango ilifungwa hatua kwa hatua hadi bwawa likajaa katika majira ya baridi.
- Majira ya kuchipua hadi Julai: maji yaliyohifadhiwa yalifunguliwa kidogo kidogo kwa ajili ya mashamba.
- Kabla ya mafuriko mapya: bwawa lilikuwa limemwagwa, tayari kuanza upya.

Mwaka 1937 liliongezwa Bwawa la Jebel Aulia kwenye Nile Nyeupe, kusini kwa Khartoum. Lilijengwa katika ardhi ya Sudan kwa faida ya Misri. Nalo lilijazwa wakati wa mafuriko na kufunguliwa katika majira ya uhaba.

Utaratibu huu ulisogeza maji kutoka mwezi wa wingi hadi mwezi wa uhaba, lakini haukuweza kuyasogeza kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mafuriko yalipokuwa makubwa, maji ya ziada yalikwenda baharini, na wakulima walipangwa kulinda kingo za mto usiku na mchana zisibomoke. Mafuriko yalipokuwa madogo, hapakuwa na akiba ya mwaka uliotangulia. Tofauti kati ya miaka ilikuwa kubwa mno: mafuriko ya mwaka 1878 yalivunja kingo na kuharibu vijiji, na mwaka 1913 Nile ilileta karibu nusu tu ya maji ya kawaida.

Bwawa hilohilo pia lilitakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Anayetaka kujikinga na ukame hupenda bwawa lijae. Anayetaka kujikinga na gharika hupenda lisalie tupu. Bwawa dogo linalojazwa na kumwagwa kila mwaka halikuweza kutosheleza matakwa yote mawili.

Hifadhi ya karne

Hurst aliuliza swali lililoonekana rahisi. Tuseme bwawa linatakiwa kutoa kila mwaka kiasi kilekile cha maji, sawa na wastani wa mto. Miaka ya neema huweka akiba, miaka ya uhaba huila. Je, bwawa hilo liwe na ukubwa gani ili lisikauke wala lisifurike katika muda wa miaka 100?

Njia yake ilikuwa kujumlisha mwaka baada ya mwaka ziada na upungufu ukilinganishwa na wastani. Jumla hiyo hupanda katika miaka mizuri na kushuka katika miaka mibaya. Tofauti kati ya kilele chake cha juu na cha chini ndiyo ukubwa unaohitajika.

Kama kila mwaka ungejitegemea, kama sarafu inayorushwa bila kukumbuka ilivyoanguka mara iliyopita, ukubwa huo ungeongezeka kufuatana na kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Hurst alilihakikisha jambo hilo kwa mikono yake: alirusha sarafu na kuchanganya karata mara nyingi mno, akiandika matokeo.

Kisha akageukia vitu vya asili. Alikuwa na hazina ambayo nchi chache zinayo, yaani kumbukumbu za kipimo cha Nile katika kisiwa cha Roda mjini Kairo, zinazoanzia mwaka 622 BK. Aliongeza vipimo vya mvua, joto na usawa wa maziwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia, unene wa pete za miti, na matabaka ya tope la maziwa ya kale, jumla mamia ya mifuatano. Kote aliona jambo lilelile: ukubwa uliohitajika uliongezeka haraka kuliko sarafu zilivyotabiri. Badala ya kipeo cha 0.5, alipata kwa wastani takriban 0.73.

Maana yake kwa mhandisi ilikuwa kubwa. Mfano ni mto wenye kumbukumbu za miaka 100. Kwa hesabu ya sarafu, bwawa lingepaswa kuwa takriban mara 12.5 ya kiasi ambacho mtiririko wa mwaka huachana na wastani kwa kawaida. Kwa hesabu ya Hurst lingehitaji kuwa zaidi ya mara 17. Aliyejenga kwa hesabu ya kwanza angeona bwawa lake likikauka katikati ya mfululizo wa miaka mibaya.

Sababu ni kwamba miaka ya Nile huja kwa makundi. Kati ya 1870 hivi na 1899 mto ulileta Aswan wastani wa takriban mita za ujazo bilioni 110 kwa mwaka. Baada ya hapo wastani ulishuka hadi takriban bilioni 84 na kubaki hapo kwa muda mrefu. Miaka mibaya ikifuatana, upungufu hulimbikizana. Hurst alitangaza matokeo haya mbele ya wahandisi wa Marekani mwaka 1951. Wengi walishangaa, kwa kuwa hakuna nadharia ya wakati ule iliyoweza kuyaeleza.

Mpango wa mwaka 1946

Hata kabla ya makala hiyo, Hurst, Black na Simaika walikuwa wametoa mwaka 1946 mpango wa kutumia bonde zima la Nile. Mpango huo uliitwa hifadhi ya karne. Sehemu zake kuu zilikuwa hizi:

- Ziwa Viktoria kuwa ghala kuu la maji, pamoja na Ziwa Albert kama kirekebishi chini yake.
- Ziwa Tana nchini Ethiopia kuwa ghala la Nile ya Buluu.
- Mfereji wa Jonglei kupitisha maji pembeni ya vinamasi vya Sudd, ambako karibu nusu ya maji yanayoingia hupotea hewani.
- Bwawa katika Sudan ya kaskazini kwa ajili ya hifadhi ya mwaka na kinga ya mafuriko.

Kuchagua maziwa ya mbali kulikuwa na sababu ya kisayansi. Bwawa kubwa katika jangwa hupoteza maji mengi kwa jua. Ziwa la asili tayari linapoteza maji yake, na likiinuliwa kidogo eneo lake haliongezeki sana. Uso wa Ziwa Viktoria una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000. Mita 1 tu ya kimo chake ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 65, karibu sawa na maji yote ya Nile kwa miezi 9.

Sehemu moja ya mpango ilitekelezwa Jinja, Uganda. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Uganda ililihitaji kwa umeme. Misri ilikubali kuchangia gharama ili ukuta uwe mrefu zaidi kwa mita 1 kwa ajili ya hifadhi, na mhandisi wa Misri aliwekwa hapo kusimamia vipimo. Hata hivyo ziwa halikutumiwa kamwe kama ghala kwa jinsi Hurst alivyotaka. Maji yaliendelea kufunguliwa kulingana na yale ambayo yangetoka kwa asili. Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2, na fukwe za Kenya, Uganda na Tanganyika zikafunikwa na maji.

Bwawa Kuu la Aswan

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, serikali mpya ya Misri ilichagua njia nyingine: ghala moja kubwa sana ndani ya mipaka yake, ambako nchi nyingine haingeshika milango. Lilikuwa Bwawa Kuu la Aswan, lililojengwa kati ya 1960 na 1970. Hesabu za Hurst juu ya hifadhi ya miaka mingi zilitumiwa katika kupima ukubwa wake na namna ya kuliendesha.

Bwawa hilo linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 160. Uwezo huo umegawanywa: sehemu ya chini imeachwa kwa tope linalotuama, sehemu ya kati ni akiba ya maji, na sehemu ya juu huachwa tupu kabla ya kila mafuriko ili kupokea maji ya ghafla. Kwa mgawanyo huu akiba na kinga vilipewa nafasi zao katika bwawa moja. Gharama yake ni ile ambayo mpango wa 1946 ulikusudia kuipunguza. Katika mkataba wa mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan, wastani wa bilioni 84 uligawanywa hivi: bilioni 55.5 kwa Misri, 18.5 kwa Sudan, na takriban bilioni 10 zikahesabiwa kuwa hasara ya ziwa la bwawa. Takriban Wanubi 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa kutoka makazi yao.

Ukosoaji

Mipango ya Hurst ilifanywa kwa niaba ya Misri, wakati nchi nyingi za juu ya mto zilikuwa chini ya ukoloni. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Misri na Uingereza uliipa Misri nguvu ya kuzuia kazi zozote juu ya mto ambazo zingepunguza maji yake. Wenyeji wa mwambao wa Ziwa Viktoria hawakuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika chini ya Julius Nyerere ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba huo, na nchi jirani zilichukua msimamo wa namna hiyo.

Mfereji wa Jonglei ulikosolewa zaidi. Katika hesabu, maji ya Sudd ni hasara. Kwa Wadinka, Wanuer na Washilluk ni malisho ya mifugo wakati wa kiangazi na mahali pa kuvulia samaki. Uchimbaji ulianza mwaka 1978, ukasimama miaka ya 1980 kutokana na vita, na mfereji haujakamilika hadi leo.

Urithi

Hurst alirudi Uingereza katika uzee wake na kufariki mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 98.

Katika miaka ya 1960 mwanahisabati Benoît Mandelbrot alipata njia ya kueleza kimahesabu kile ambacho Hurst alikiona. Alitumia herufi H kwa kipeo hicho kwa heshima yake. Tabia ya miaka mizuri na mibaya kuja kwa makundi aliipa jina la Yusufu, kufuatana na habari ya miaka 7 ya shibe na miaka 7 ya njaa nchini Misri. Leo kipeo cha Hurst hutumika pia katika kuchunguza bei za masoko, mapigo ya moyo na msongamano wa data katika intaneti.

Mara tu baada ya kifo chake, Nile yenyewe ilileta jaribio. Kuanzia mwaka 1979 mvua za Ethiopia zilipungua kwa miaka mingi mfululizo, na mwaka 1984 na 1985 njaa iliua watu wengi sana katika nchi hiyo. Misri iliendelea kumwagilia mashamba kwa kutumia akiba. Kila mwaka ziwa la Aswan lilishuka zaidi, hadi Julai 1988 lilipobaki mita chache tu juu ya kiwango ambacho mitambo ya umeme ingelazimika kusimamishwa. Mwaka huohuo mafuriko makubwa yalifika na ziwa likaanza kujaa tena. Bwawa la mwaka mmoja lingekwisha katika msimu wa kwanza.